Watu wazima Tanzania na daktari wa meno: kwa nini wengi tunafika jino likiwa halizibiki tena?

#1 Gego la Mwisho

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikifika Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tunapigiwa wimbo ule ule redioni: Watanzania hatuna utamaduni wa kwenda kwa daktari wa meno, tunasubiri mpaka liume, tuna woga, hatuna elimu, tunapuuza. Leo naomba tuubishie wimbo huo kidogo, maana naona lawama zote anatupiwa mgonjwa.

Kwamba tunakwenda kwa nadra na kwa kuchelewa, hilo sibishi. Muulize mtu mzima yeyote mtaani kwako. Ama hajawahi kabisa kukaa kwenye kile kiti, ama alikaa siku ya kung'oa. Tafiti zilizofanyika hapa nchini kwa miaka mingi zinarudia jambo lile lile: kinachompeleka mtu mzima ni maumivu, na huduma anayoipata zaidi ni kung'olewa. Kwa wengi wetu ukitaka kujua umekwenda mara ngapi, hesabu mapengo.

Sasa mtazame huyo mgonjwa anayelaumiwa. Ana kitundu kidogo kwenye gego. Hakiumi, ila akinywa maji ya baridi kinamsisimua. Akienda zahanati ya kijijini, huduma ya meno hakuna, anaelekezwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Nauli ya kwenda na kurudi, kibarua cha siku nzima kimekufa, foleni, na akifika dirishani anaambiwa dawa ya kuzibia imeisha, au mashine ni mbovu, "ila kung'oa tunang'oa". Kama mwisho wa safari ni koleo, awahi ili iweje? Kung'oa leo jino lisilouma na kung'oa mwakani likiuma, mtu mwenye akili timamu atachagua mwakani. Huenda hata lisiume. Huyo hajakosa elimu. Amepiga hesabu, na kwa mazingira yake hesabu imekaa sawa.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Watu wazima hawawahi kwa sababu wameona kwa macho yao kwamba aliyewahi na aliyechelewa wote wanatoka na pengo.

Upande wa takwimu, ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2022 inaonyesha kuwa kanda ya Afrika ina madaktari wa meno takriban 3.3 kwa kila watu 100,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya uwiano wa dunia. Wakati huo huo karibu asilimia 44 ya watu wa kanda hii walikadiriwa kuwa na ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine mwaka 2019. Na hao madaktari wachache wamejazana mijini. Unamwambiaje mtu wa kijijini "nenda kila baada ya miezi sita" bila kuona aibu?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile mbinu ya kuziba meno bila umeme, inayotumika duniani kote sasa hivi, ilizaliwa hapa hapa Tanzania. Kama kuna tabibu wa meno humu aieleze, mimi nimeisoma tu.

Karibuni. Matusi tuyaache nje.

---

#2 Kipanga wa Mteremko

Mkuu umeandika vizuri, ila woga nao usiufute. Mimi nikishaona ile trei ya vyuma inasogezwa, jino linaacha kuuma lenyewe. Naaga, nachukua pikipiki, narudi nyumbani mzima. Likifika saa nane za usiku linaanza upya.

---

#3 Mchumi wa Kitaa

Mtoa mada, hoja yako ina nusu ya ukweli.

Unasema tatizo ni huduma iliyo mwisho wa foleni. Sawa. Wenye bima je? Mtumishi wa umma ana kadi, yuko mjini, hospitali ya mkoa iko mita mia tano kutoka ofisini, kuziba jino kunalipiwa. Ofisini kwetu wapo wengi wa namna hiyo na bado wanakwenda shavu likishavimba. Ukiwauliza, "nilikuwa bize". Bize kwa miaka mitatu?

Kwa hiyo kuna kitu ambacho si nauli wala dawa iliyoisha. Kichwani mwetu jino lisilouma halihesabiki kama ugonjwa. Presha watu wameanza kuelewa kwamba inaua kimya kimya, sukari vilevile, lakini jino bado tunalichukulia kama balbu, likiungua unalitoa.

Pia usisahau suala la wengi kuamini kwamba mtu mzima kupoteza meno ni kawaida ya umri. Babu alikuwa kibogoyo, baba ana mapengo, basi na mimi zamu yangu inakuja. Hakuna anayekwenda kuzuia kitu anachoamini kimeandikwa.

---

#4 Gego la Mwisho

Mchumi, nakubali wenye bima nao wanachelewa. Ila wamelelewa wapi? Walipokuwa wadogo walimwona mama akirudi na pamba mdomoni, hawakuwahi kumwona akirudi na jino lililozibwa. Kadi ya bima imekuja ukubwani, mazoea yalishakaa. Na kadi inaondoa malipo ya dirishani, foleni haiondoi.

Halafu tukumbuke wenye kadi ni wachache. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza hospitali za serikali mwaka 1993, mtu mzima wa kawaida analipa mfukoni. Msamaha upo kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mtu wa miaka 35 anayeuza mahindi ya kuchoma hayumo humo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023. Swali langu ni kama jino litapewa kiti cha mbele ndani yake au litakaa nyuma kama siku zote.

---

#5 Tabibu Mstaafu

Vijana, shikamooni za wazee mtanipa baadaye. Nimefanya kazi ya meno kwenye hospitali za wilaya utumishi wangu wote, kwa hiyo mnivumilie nirefushe.

Hiyo mbinu anayoisema mtoa mada tunaiita ART (Atraumatic Restorative Treatment, yaani kuziba jino kwa vifaa vya mkono bila kuliumiza). Ilianza katikati ya miaka ya 1980 chini ya shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mholanzi Jo Frencken ndiye jina linalotajwa zaidi katika kuianzisha. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mashine ya kukereza jino inataka umeme, maji, kompresa na fundi. Huko tulikokuwa tukipelekwa, hivyo vinne havikuwahi kukutana siku moja.

Kwa hiyo wakasema tuache mashine. Unachukua kifaa cha mkono chenye makali, unapanua mdomo wa kitundu. Unachukua kijiko kidogo cha chuma, unakwangua ile sehemu iliyooza ikalainika. Ile ngumu unaiacha, hata kama imebadilika rangi. Unafuta kwa pamba yenye maji, unakausha kwa pamba nyingine, unazungushia pamba pembeni mate yasiingie. Msaidizi anachanganya unga na maji yake kwenye karatasi maalumu mpaka viwe rojo zito, na hapo hakuna kupiga stori maana inaganda upesi. Unajaza, unapaka vaselini kidoleni, unabonyeza kwa nguvu sekunde kadhaa ili dawa iingie kila ufa. Mgonjwa anauma taratibu tuone kama jino limezidi kimo, unapunguza ziada, unamwambia asile kwa saa moja. Kwisha. Mara nyingi bila sindano, bila ile sauti ya mashine ambayo Kipanga pengine ndiyo inayomrudisha nyumbani.

Hiyo dawa ya kuzibia tunaiita saruji. Mwanzoni ilitumika ya aina nyingine, baadaye ikaja glasi-ayonoma ambayo inashika vizuri kwenye jino na inaachia floraidi kidogo kidogo. WHO wakaitangaza mbinu hii Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani, mwaka ambao mada yenyewe ilikuwa afya ya kinywa. Na mwaka 2021 wakaingiza kwenye Orodha ya Dawa Muhimu vitu vitatu: dawa ya meno yenye floraidi, hiyo saruji ya kuzibia, na ile dawa ya matone inayosimamisha kuoza na kuliacha jino jeusi. Kwa hiyo kitaalamu hakuna kisingizio.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo mtoa mada halitalipenda. ART inafanya kazi vizuri kwenye kitundu kidogo, hasa kilichoko juu ya jino upande mmoja. Kikishakula pande mbili tatu, dawa inadondoka mapema. Na jino likishaanza kukuamsha usiku, maana yake kuoza kumefika kwenye mshipa, hapo hakuna kuziba tena kwa kijiko. Kuna mawili: kutibu mzizi, kazi inayotaka vifaa, picha na muda, na hospitali nyingi za wilaya haziifanyi, au koleo. Mimi nilikuwa na dawa ya kuzibia kabatini ikaisha muda wake, wakati chumba kimejaa wagonjwa wa kung'oa. Walikuja wote wakiwa wamechelewa. Ningezibia hewa?

Kwa hiyo mzunguko uko pande zote mbili. Hawaji mapema kwa kuwa tunang'oa, na tunang'oa kwa kuwa hawaji mapema.

---

#6 Nyuki wa Tabora

Shikamoo mzee. Nilifanyiwa hiyo kitu na tabibu mmoja wa kike, kituo cha afya cha serikali, nikajua ananichokonoa tu kupoteza muda. Halikuuma, ila mlio wa kukwangua unausikia ndani ya kichwa. Lile jino nalitafunia mifupa ya kuku hadi leo. Nilikwenda kumsindikiza mgonjwa, nikaona foleni fupi nikasema ngoja nicheki na mimi. Kwa hiyari yangu nisingekwenda, tusidanganyane.

---

#7 Msoma Tafiti

Naomba niingilie hapo kwenye "kila miezi sita", maana ni sentensi ambayo imewafanya watu wengi wajione wakosaji bure.

Kipimo hicho hakikutokana na ushahidi wa nguvu. Uingereza, kupitia taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, walitoa mwongozo mwaka 2004 kwamba mtu mzima apangiwe kulingana na hatari yake: anaweza kuambiwa arudi baada ya miezi 3, anaweza kuambiwa baada ya miezi 24. Baadaye wakafanya jaribio kubwa lililofuatilia watu wazima kwa miaka minne. Wengine waliitwa kila miezi sita, wengine kulingana na hatari, wengine kila miaka miwili. Kwenye kuvuja damu fizi na kuoza meno hapakuonekana tofauti ya maana. Uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, ukafikia hapo hapo.

Lakini msikimbilie kushangilia. Hao walikuwa watu wanaohudhuria kliniki mara kwa mara tangu zamani, wenye dawa ya meno ya floraidi bafuni, na daktari wa karibu jino likileta shida katikati. Haimaanishi kwamba kutokwenda kabisa ni sawa na kwenda. Maana yake ni kwamba mjadala wa miezi sita dhidi ya kumi na mbili si mjadala wetu. Kwetu, mtu mzima kukaguliwa hata mara moja kila mwaka au miaka miwili, akiwa haumwi, ingekuwa hatua kubwa sana. Anayehitaji kurudi haraka ni mwenye sukari, mvuta sigara, mtumia ugoro na kuberi, mwenye kinga dhaifu, na mwenye historia ya meno kuoza oza.

Kuhusu sukari, wengi hawajui: fizi zilizooza zinaivuruga sukari, na sukari iliyopanda inazila fizi. Ni barabara ya kwenda na kurudi. Kliniki ya kisukari ambayo haimwambii mgonjwa afungue mdomo imefanya kazi nusu.

---

#8 Mchumi wa Kitaa

Umenifungua macho, Msoma Tafiti. Kwa hiyo miaka yote tunatishwa na kipimo ambacho wenyewe waliokizoea wamekilegeza!

---

#9 Dada wa Duka la Dawa

Jamani mnaongelea hospitali, daktari wa kwanza wa meno nchi hii ni sisi wa dukani. Mtu anaingia ameshika shavu, haongei, ananyoosha vidole viwili. Nimeshajua: diklo mbili (diklofenaki, ya maumivu) na amoxi mbili (amoksilini, antibayotiki). Anameza hapo hapo na maji ya chupa, anaondoka. Wiki mbili anarudi, jino lile lile, shavu lile lile. Nikimwambia nenda hospitali anasema "dada wewe nipe tu, nina safari kesho".

Kwa hiyo kwenye hesabu za hospitali huyo anaonekana hajatafuta huduma. Ametafuta sana, ila kwangu. Na akijumlisha alichoacha dukani kwa mwaka, pengine angeziba meno mawili. Tabibu, waambie kuhusu hizo amoxi, mimi wakisikia kwangu wanaona nabania biashara.

---

#10 Tabibu Mstaafu

Marahaba Nyuki. Dada wa Duka, umesema jambo ambalo wapanga takwimu hulisahau.

Antibayotiki hazitibu jino lililotoboka. Ndani ya jino mshipa ukishakufa, damu haifiki humo, na dawa inasafiri kwa damu. Itapunguza uvimbe wa nje kwa muda, chanzo kinabaki kinachemka. Na kumeza mbili leo, tatu wiki ijayo, ni kuwafundisha wadudu kuizoea dawa. Diklofenaki nayo inatuliza kweli, lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha anacheza na moto.

Kuweka karafuu kwenye jino si uchawi wala upuuzi. Mafuta yake yana yujenoli (eugenol), na sisi wenyewe tunayachanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda. Inatuliza. Kosa ni kutulizwa ukadhani umepona. Asprini usiiweke juu ya fizi, inaunguza nyama. Na wale wanaoweka maji ya betri kwenye jino, nawaomba kwa jina la Mungu muache. Nimeona midomo iliyoungua na jino lenyewe bado linauma.

Sasa hili lisomwe mara mbili: ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, kumeza kunakuwa kwa shida, ulimi unainuka, mdomo haufunguki vizuri, au una homa kali, hapo hakuna duka la dawa wala kusubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaziba njia ya hewa, na unaua mtu mzima mwenye afya zake ndani ya muda mfupi. Pia kidonda cha mdomoni kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, hata kama hakiumi, kionwe. Hasa kwa mtumia tumbaku ya aina yoyote.

---

#11 Kijana wa Usa River

Mzee, sisi wa huku Arusha mbona hamtutaji? Meno yetu ni ya kahawia kwa sababu ya maji. Kuna watu wazima hawaendi kwa daktari wa meno kwa aibu tu, wanajua ataanza kuwasema hawapigi mswaki. Na wengine wameacha kabisa dawa ya meno yenye floraidi wakiamini itazidisha rangi. Wapo sahihi?

---

#12 Tabibu Mstaafu

Hapana, hawapo sahihi, na ni kosa linalowagharimu.

Rangi ile inaingia utotoni, wakati jino la ukubwani bado linatengenezwa ndani ya taya, takriban mpaka miaka minane. Mtoto akinywa maji yaliyozidi floraidi miaka hiyo, jino linatoka na rangi hiyo. WHO wanashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa vinapita hapo. Mtu mzima jino lake limeshakamilika. Dawa ya meno haiwezi kumwongezea kahawia. Atumie ya kawaida, yenye floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni), ateme povu, asimeze, na asisuuze sana baada ya kutema. Watoto wadogo ndio wa kupimiwa, ukubwa wa punje ya mchele, na mzazi asimamie.

Jino la kahawia si jino lililooza. Tabibu anayejua kazi yake anayatofautisha kwa kutazama tu, hakusemi.

---

#13 Mama Sauda

Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Nina ujauzito wa miezi mitano, gego linauma, mama mkwe anasema mjamzito hang'oi jino wala hachomwi ganzi, nisubiri nijifungue. Fizi nazo zinatoka damu nikipiga mswaki.

---

#14 Tabibu Mstaafu

Mwanangu, mheshimu mama mkwe ila nenda. Mjamzito anatibiwa meno, ganzi ya kawaida haina shida, na miezi uliyopo ndiyo mizuri kuliko yote kwa kazi hiyo. Waambie mapema kwamba una mimba, wajue dawa za kukupa. Usimeze diklo kwa kujinunulia. Fizi kutoka damu kunatokea sana kwa wajawazito kwa sababu ya homoni, usiache mswaki, piga taratibu kwa brashi laini. Usingoje miezi minne na maumivu hayo.

---

#15 Kipanga wa Mteremko

Mzee na mimi nijibu basi. Lile langu la saa nane za usiku limetulia kabisa, mwezi wa pili huu. Maji ya baridi hata halisikii. Limepona si ndiyo?

---

#16 Tabibu Mstaafu

Halijapona, limekufa. Mshipa ukishakufa maumivu yanapumzika, halafu usaha unaanza kujikusanya kwenye ncha ya mzizi polepole. Siku utakapokunywa chai ya moto ukaruka, au ukaamka shavu limekuwa kubwa kuliko jana, usishangae. Nenda sasa wakati halijavimba, ganzi inashika vizuri. Likishavimba ganzi inasuasua, na ndiyo maana watu wanasema "nilichomwa na bado niliumia", hadithi ambayo inaogopesha mtaa mzima.

Na ukishang'oa, siku ya kwanza usisukutue, usivute sigara, usinyonye mrija. Damu iliyoganda kwenye lile shimo ndiyo bandeji yako. Ikitoka, siku ya tatu utajuta.

---

#17 Mchumi wa Kitaa

Narudi kwenye mada kuu kabla uzi haujageuka kliniki. Mzee Tabibu, umesema dawa ya kuzibia iliisha muda wake kabatini kwako. Mtoa mada anasema akienda anaambiwa imeisha. Nani mkweli? Na vituo vinaamua vipi kiasi cha kuagiza?

---

#18 Tabibu Mstaafu

Wote wakweli, ni miaka tofauti ya kabati lile lile.

Kituo kinaagiza kutoka Bohari ya Dawa (MSD), na maombi yanafuata matumizi ya kipindi kilichopita. Ukiandika kwamba ulitumia ganzi nyingi na saruji ya kuzibia kidogo, utaomba ganzi nyingi na saruji kidogo. Ikitokea iliisha muda wake, mwenye stoo anakukazia macho kikaoni: "hii si ndiyo ile tuliyotupa?" Kipindi kinachofuata unaweka sifuri kuepuka maneno. Basi ndiyo anakuja mtu kama Nyuki, ana kitundu kizuri kidogo cha kuziba, unamwambia hakuna. Yeye anakwenda kusimulia mtaani kwamba pale wanang'oa tu. Pesa ya kituo ni ndogo, na malaria, uzazi na chanjo ndivyo vinavyoulizwa kwenye vikao vya wilaya. Sijawahi kuulizwa kikaoni meno mangapi yamezibwa. Mangapi yameng'olewa, ndiyo, yamo kwenye ripoti ya kila mwezi.

---

#19 Gego la Mwisho

Mzee, hapo umenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Kwa hiyo mtu mmoja akienda kuomba kuziba akaambiwa hakuna, akaondoka kimya, hakuna daftari lolote linaloonyesha kwamba alikuja?

---

#20 Tabibu Mstaafu

Hakuna. Daftari linaandika aliyehudumiwa. Aliyegeuzwa mlangoni hayumo.

Ila kila kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka kwenye jamii, na mpango wa mwaka wa kituo unapita kwao. Mjumbe wenu yupo, ulizieni serikali ya mtaa au kijiji jina lake. Wenzangu wawili niliowaacha kazini walipata saruji na seti za vifaa vya mkono kwa njia hiyo hiyo: wananchi waliulizia kuziba kwenye kikao, ikaandikwa kwenye muhtasari, na mganga mfawidhi akaingiza kwenye bajeti kwa sababu muhtasari unakaguliwa. Seti ya vifaa vya mkono ukiitunza na kuinoa inadumu miaka.

---

#21 Nyuki wa Tabora

Kikao cha kamati yetu ni mwezi ujao, mjumbe ni jirani yangu kabisa. Mzee naomba uniandikie hapa jina la hiyo saruji na hivyo vifaa kama inavyoandikwa kwenye fomu, nisije nikafika nikababaika.

---

#22 Tabibu Mstaafu

Nakuandikia jioni, nikitoka shamba.